Boneti ya bluu kwenye John Deere ya marehemu baba: niipake kijani au niiache?

Mwana wa Bustani (Dagoretti Corner), Jumapili usiku

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku niliyopatana na fundi mpaka rangi.

Marehemu baba alitunza bustani ya familia moja ya Wamarekani kule Karen, kuanzia 1970 hadi walipofunga virago 1977. Siku ya kuondoka walimwachia trekta yao ya kukatia nyasi. Sisemi mashine ya kusukuma. Hii ni trekta kamili, ina usukani, gia, taa mbili mbele na magurudumu manene nyuma, ila kimo chake kinanifika kiunoni tu. Ubavuni pana namba 110. Nilikuwa na miaka mitatu ilipofika nyumbani. Mama alikuwa akisimulia kwamba baba aliiendesha kutoka Karen usiku, polepole, na mjomba akitangulia na baiskeli akimmulikia mashimo kwa tochi.

Trekta hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Baba alikata nayo nyasi za makanisa, za shule mbili na za nyumba ambazo sikumbuki idadi, hadi 1998 mgongo ulipomshinda. Akaiegesha kwenye banda la kuku, akaifunika gunia, na hakumruhusu mtu kuigusa.

Alituacha Agosti mwaka jana. Mwezi huu ndipo nilipopata moyo wa kusafisha banda. Panya alikuwa amejaza nyasi na manyoya ndani ya bati la feni mpaka juu. Rimu zina kutu, tairi moja limepasuka. Lakini nilipofungua plagi, nikamimina vijiko viwili vya oili ndani ya silinda na kuiacha ilale, asubuhi nilizungusha feni kwa mkono na pistoni ikatembea. Na kubana hewa inabana.

Shida ni rangi. Kila mtu anajua John Deere ni kijani na rimu za njano. Hii boneti yake ni ya bluu, bluu iliyopoa kama sare ya shule iliyofuliwa miaka mingi, na mwili wote ni mweupe ulioingia umanjano. Majirani wanasema mzee aliipaka rangi iliyobaki mahali alipokuwa akifanya kazi. Sijawahi kumwona akipaka, ila nilikuwa mdogo.

Mnunuzi wa vyuma aliiangalia akataja shilingi 9,000, kwa mizani. Jamaa anayetengeneza bustani Kitisuru amesema atatoa 45,000, kwa masharti mawili: niipake kijani "irudi asili", na nitoe hiyo injini nzee niweke mpya ya pampu ya maji. Halafu binamu yangu akaniambia mashine kama hizi ni adimu na wazungu wanazitafuta.

Je, ni adimu kweli, au ni maneno? Na niipake?

Otis Ruaka, Jumapili usiku

Pole kwa msiba, kaka. Kwa maoni yangu, paka kijani, chukua 45,000. Trekta ni ya kazi. Ikikaa hapo mwaka mwingine kutu itakula hata hizo 9,000. Huyo mtu wa Kitisuru anajua anachotaka, na injini mpya spea zake ziko kila duka la Kirinyaga Road. Hiyo ya zamani utazunguka na pointi zake za umeme wa plagi mkononi mpaka uchoke.

Fundi Mstaafu (Kabete), Jumatatu alfajiri

Ndugu yangu, mpigie huyo mpaka rangi asubuhi hii umwambie asije. Kisha keti usome.

Nimetengeneza mashine za nyasi miaka 34, za viwanja vya gofu na za nyumba za Karen, Muthaiga na Tigoni. Kijani nimekiona kingi. Boneti ya bluu nimeiona mara moja tu, 1989, na ilikuwa imetengana na trekta yake, imegeuzwa dari la kibanda cha mbwa.

John Deere walianza kuunda 110 mwaka 1963 kwenye kiwanda chao cha Horicon, jimbo la Wisconsin. Mwaka huo wa kwanza zilitoka 1,000 tu, na wanaokusanya huzitafuta hizo kama wali wa daku. Zote kijani na njano, kama ndugu zao wakubwa wa shambani. Kisha, kuanzia 1969 hadi 1971, kampuni ikajaribu jambo ambalo haikuwa imelifanya. Ikatoa trekta za bustani zilizoitwa Patio. Mwili ulipakwa rangi nyeupe waliyoiita Dogwood White, na mnunuzi akajichagulia boneti na kiti katika rangi nne: nyekundu, chungwa, njano au bluu. Bluu hiyo jina lake Spruce Blue. Namba zilizotoka hivyo ni 110, 112, 120 na 140.

Sasa linganisha na maneno yako mwenyewe. Mwili mweupe, boneti bluu, namba 110, na bosi wa baba yako alikuwa Karen mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba yako hakupaka kitu. Mzee alikuwa akiilinda ilivyotoka kiwandani.

Watu hawakuzikimbilia. Mkulima au mwenye nyumba aliyeingia dukani kununua John Deere alitaka kijani, basi. Wapo wauzaji waliochoka kuzitazama zikipata vumbi, wakazipaka kijani wenyewe ili zitoke. Na kwa kuwa boneti na kiti ni vitu vinavyofunguliwa kwa spana, miaka ilivyosonga vikahamahama: boneti ya chungwa ikaishia kwenye trekta ya kijani, kiti cha bluu kikachanika kikatupwa. Ndiyo maana kupata mwili mweupe ukiwa na boneti yake na kiti chake vya rangi moja, vya siku ile ile, ni kazi.

Hapo ndipo neno "adimu" linapowapotosha wengi. Wanauliza kiwanda kilitoa ngapi. Trekta ya bustani ya Cub Cadet, ya kwanza ya International Harvester, ile ya nguvu farasi 7 iliyoundwa Louisville, Kentucky, kati ya 1961 na 1963, ilitoka kwa makumi ya maelfu. Mtu akiitaka Marekani leo ataipata, na bado wanaipenda sana. Mimi huuliza ngapi zimebaki bila kuguswa. Mashine iliyopakwa upya vizuri ni mashine nzuri, lakini wanaokusanya wataitazama mara moja na kuendelea, kwa sababu rangi mpya inaweza kuwekwa wakati wowote. Ile ya kwanza ikishakwenguliwa imekwenda, haina pa kununuliwa.

Na hapa Nairobi kuna sababu zetu wenyewe. Trekta hizi zilikuja na viwanja vya ekari tano, ekari kumi. Karen ilipokatwakatwa, nyasi zikawa za kumtosha mtu mmoja na mashine ya kusukuma. Trekta ikabaki haina kazi. Anayehitaji kuvuta maji akafungua injini akaifunga kwenye pampu. Magurudumu yakaenda kwenye mkokoteni. Mifupa ikaenda kwa mizani.

Nikupe la moyoni. Mwaka 1994 niliambiwa kuna Ransomes MG kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Hiyo ni trekta ndogo ya minyororo kutoka Ipswich, Uingereza, silinda moja, unaikalia kama umekalia kreti. Ransomes waliziunda kwa miaka 30, 1936 hadi 1966, kwa kazi za bustani na mashamba ya matunda, zipite katikati ya mistari ya miti. Nilitafuta pesa wiki mbili. Nilipofika, mnunuzi wa vyuma alikuwa ameikata kwa gesi siku mbili kabla. Vipande vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa, minyororo peke yake, kama nyama buchani. Niliokota kibati cha jina, nikalipa shilingi 50. Kibati kiko ukutani kwangu mpaka leo. Kila ninapokitazama nasikia uchungu, na sitaki wewe uwe na kibati ukutani.

Fanya hivi kabla ya lolote. Tafuta mahali pasipoonekana, chini ya bawaba ya boneti. Lowesha pamba kwa thina, bana hapo uhesabu hadi thelathini, kisha futa. Rangi zetu za NC za kupuliza mtaani huyeyuka papo hapo na kubaki kwenye pamba. Rangi ya kiwandani iliyookwa haitoki hivyo. Kisha kwangua kidogo mno, ukubwa wa punje ya mtama. Ukiona bluu, halafu praima, halafu chuma, umepata. Ukiona kijani chini ya bluu, hadithi ni nyingine.

Na hiyo injini usiiguse. Soma kibati kwenye bati la feni utuambie. Ikiwa ndiyo yenyewe itakuwa Kohler, namba K181, nguvu farasi 8, silinda moja, bloku ya chuma cha kusubu. Mtu anayekuambia uitoe uweke ya pampu hakutakii mema, au hajui.

Umesema habari za boneti. Kiti je?

Otis Ruaka, Jumatatu mchana

Mzee, hapo umenifunza, sikuwa na habari ya hizo Patio. Lakini swali langu liko pale pale: atalipwa na nani? Adimu bila mteja si mali.

Fundi Mstaafu (Kabete), Jumatatu jioni

Swali halali kabisa, Otis. Nairobi hii wanaoijua tunaweza kukaa kwenye benchi moja. Nimekwenda Concours, yale maonyesho ya magari na pikipiki pale uwanja wa farasi wa Ngong Road, miaka mingi. Magari ya zamani yanang'aa, pikipiki zinang'aa, trekta ya bustani sijaona. Mteja wa kweli yuko Marekani, na kuisafirisha kutoka hapa hadi Mombasa kisha melini ni gharama inayoweza kuimeza bei. Kwa hiyo sitamdanganya ndugu yetu kwamba amepata utajiri. Ninasema 45,000 ya leo, kwa sharti la kuiharibu, ni biashara mbaya. Mashine haili, haidai karo. Ikiwekwa pakavu itangoja.

Mama Wairimu (Ngong), Jumanne asubuhi

Nimesoma nikashindwa kunyamaza.

Marehemu mume wangu alikuwa na trekta ya bustani ya Wheel Horse, C-120, nyekundu, kutoka South Bend, Indiana. Alipofariki nikataka kumtunza kwa kuitunza mashine yake. Nikaita fundi, akaipiga msasa yote, akabandua stika za farasi kwenye boneti, akapuliza nyekundu mpya inayometameta. Nililipa 30,000 na nilifurahi sana siku ile.

Baadaye akaja mgeni, mtu anayezijua. Aliinama, akapitisha kidole mahali stika zilipokuwa, akauliza, "Zile za kwanza mlizihifadhi?" Nikamwambia tulizitupa. Hakusema neno baya. Alinishukuru kwa chai akaondoka. Kuanzia siku hiyo nikitazama boneti ile sioni tena mahali ambapo goti la mume wangu lilikuwa limefuta rangi, upande wa kushoto, kwa miaka kumi na minane ya kupanda na kushuka. Alama hiyo niliifuta mwenyewe kwa pesa zangu.

Mwanangu wa Dagoretti, sikia Mzee wa Kabete. Pesa utazipata pengine. Alama za baba yako hazipulizwi tena.

Mwana wa Bustani (Dagoretti Corner), Jumatano usiku

Asanteni sana. Mama Wairimu, pole, na maneno yako nimeyasoma kwa sauti mbele ya mke wangu.

Mpaka rangi nimemrudishia simu, amekubali bila kelele.

Mzee, nimefanya jaribio la pamba. Chini ya bawaba: nimehesabu thelathini, nimefuta, pamba imetoka na uchafu wa kahawia, bluu hakuna hata dalili. Nikakwangua kwa ncha ya kisu. Bluu, kisha rangi nyingine ya kijivu, kisha chuma. Kijani sikuona mahali popote.

Lakini upande wa kulia, karibu na ekzosi, pana kiraka kama upana wa kiganja. Hapo pamba ilitoka bluu mara moja. Nimekaa nacho muda mrefu kile kiraka. Bluu yake inakaribia kulingana na nyingine ila imezidi wekundu kidogo, na ukiinamisha kichwa unaona nyuzi za brashi, zote zimeelekea upande mmoja. Ni baba. Moto wa ekzosi ulikuwa umeichoma, naye akatafuta rangi iliyokaribia akaziba. Kumbe majirani hawakuwa waongo kabisa. Aliipaka, kiganja kimoja.

Kibati cha injini nimekisafisha kwa mafuta taa na mswaki. Kohler, K181S. Hiyo S maana yake nini?

Sasa kiti. Sikukitaja kwa sababu ni cheusi. Nilikuwa kidato cha pili baba alipokipeleka Gikomba kushonewa rekisini, nilikibeba mimi mwenyewe kichwani kutoka stendi. Jana nikakumbuka swali lako. Nikachukua wembe nikafumua mshono wa nyuma, nyuzi nne tano tu. Chini ya rekisini nyeusi kuna ngozi nyingine ya plastiki, imepasuka kama udongo wa kiangazi, na ndani ya mikunjo ambako jua halikufika ni bluu. Bluu ile ile ya boneti, ila mbichi, kama ya jana. Fundi wa Gikomba hakuivua ya kwanza, aliivisha nyingine juu.

Nimeacha hapo hapo, sijafumua zaidi. Nimeona niulize kwanza.

Na jambo jingine. Ndani ya kopo la Blue Band, kwenye rafu ya banda, kuna kitabu cha maelekezo cha John Deere, kimekula oili pembe zote, na nyuma baba ameandika kwa penseli tarehe za kubadilisha oili kuanzia 1977. Tarehe ya mwisho ni Machi 1998.

Fundi Mstaafu (Kabete), Jumatano usiku

Nimesoma mara mbili, ndugu yangu, na nimemwita mzee mwenzangu jirani aje asome naye.

Usifumue zaidi. Ngozi ya zamani iliyopasuka hivyo ukiichezea itavunjika mikononi mwako. Rudisha zile nyuzi, acha rekisini iendelee kuilinda. Anayetaka ushahidi utamfumulia nyuzi hizo hizo tu.

Kiraka cha ekzosi kiache. Siku ukiuza, muoneshe mnunuzi na umwambie ni cha nani na ni cha nini. Hakuna mkusanyaji wa kweli atakayekukata bei kwa kiraka chenye maelezo. Kitabu cha penseli usikitenganishe na trekta kamwe. Kiweke ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pasipofika panya.

S maana yake inawashwa kwa umeme. Angalia ubavuni mwa injini kama kuna dude la duara linalovutwa na mkanda. Likiwepo, hilo ndilo staata na dainamo kwa pamoja: unapobonyeza linazungusha injini, injini ikishika linageuka kuchaji betri. Wengi hulitupa wakidhani ni dainamo iliyokufa. Usilitupe.

Kutu ya rimu usiitoe kwa msasa. Futa kwa kitambaa chenye oili nyepesi, rudia kila mwezi, itasimama hapo ilipofika. Tairi lililopasuka livue, ulihifadhi hata kama halifai, uweke jingine la kusogezea. Na kuku wahame leo. Kinyesi cha kuku kinakula chuma kuliko mvua.

Kabureta itakuwa imejaa gundi ya petroli ya 1998. Ifungue taratibu, ukipiga picha kila hatua, usitumie nguvu kwenye skrubu za shaba. Niletee. Pointi na kondensa ninavyo vya kukuazima tuone kama anapumua.

Otis Ruaka, Alhamisi alfajiri

Kaka, nimebadili kauli. Nina pikapu, na Jumamosi sina kazi. Ukitaka kuihamisha kutoka banda la kuku niite, nitakuja na vijana wawili na mbao za kupandishia. Hatutaikwaruza.

Mwana wa Bustani (Dagoretti Corner), Alhamisi asubuhi

Otis, karibu sana, Jumamosi saa tatu. Mama watoto atapika githeri.

Lile dude la mkanda lipo, Mzee. Mkanda wenyewe umekauka umekatika, lakini dude linazunguka kwa vidole.

Kuku wamehamia chini ya tangi tangu jana jioni. Kabureta nimeifungua usiku, skrubu zote mbili za shaba zimekubali bila kulazimishwa, nimezifunga kwenye kitambaa pamoja na picha kumi na moja kwenye simu. Napanda matatu ya Kabete sasa hivi. Nikifika stendi nitapiga simu unielekeze.